Ufahamu wa Kiingereza kwa SAT: maoni yangu kuhusu vifaa vya bure vya Khan Academy na College Board

Mzazi akiniuliza ampeleke mwanawe tuisheni gani ya SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, humwambia ashike hela yake kwanza. Kwa upande wa kusoma na ufahamu, vifaa vizuri kuliko vyote nilivyowahi kufundishia havina malipo, na viwili kati yake vinatoka kwa wenye mtihani wenyewe. Kuna kozi ya Kusoma na Kuandika ya SAT iliyoko Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure, kuna programu ya Bluebook ambayo ndiyo hiyo hiyo mtoto atakayofanyia mtihani siku yenyewe, na kuna benki ya maswali ya College Board, shirika la Marekani lenye mtihani huu. Nafundisha Kiingereza hapa Tanga, na jioni nakaa na kundi dogo la vijana waliomaliza kidato cha sita wanaotaka kuomba vyuo vya Marekani. Karibu wote walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili na wakakutana na Kiingereza cha kweli kidato cha kwanza. Hao ndio ninaowaandikia, wao na wazazi wao, maana maoni mengi yaliyoko mtandaoni yameandikwa na watu ambao watoto wao wameongea Kiingereza tangu wakiwa mgongoni.

Kwanza niueleze mtihani kwa asiyeujua. SAT huku nje ya Marekani inafanywa kwenye kompyuta tangu Machi 2023. Wamarekani wenyewe walifuata Machi 2024. Sehemu ya Kusoma na Kuandika ina maswali 54 yaliyogawanywa mafungu mawili, kila fungu maswali 27 kwa dakika 32. Piga hesabu utapata kama sekunde 71 kwa swali. Kila swali lina kifungu chake, kifupi tu, maneno 25 hadi 150, na majibu manne ya kuchagua. Fungu la pili linategemea ulivyofanya la kwanza: ukifanya vizuri unaletewa maswali magumu zaidi, na alama za juu zinapatikana kwa njia hiyo. Sehemu hii ina alama 200 hadi 800, hesabu nayo hivyo hivyo, jumla kuu 1600. Kukosea hakukupunguzii kitu, kwa hiyo hakuna swali la kuachwa wazi.

Mtihani wa zamani wa karatasi ulikuwa na vifungu virefu, maneno 500 hadi 750, na maswali kumi au kumi na moja kwa kila kifungu. Naligusia hili kwa sababu vitabu vya mtihani ule bado vinauzwa mitaani, na mzazi anaona jalada limeandikwa SAT kwa herufi kubwa, anatoa pesa. Kabla hujalipa, fungua katikati. Ukikuta kifungu kinachojaza ukurasa mzima na maswali yamepangana chini yake, kirudishe kwenye meza.

Sasa Khan Academy. Inashirikiana na College Board tangu 2015, kwa hiyo mazoezi yake hayakubuniwa na mtu anayebahatisha mtihani ulivyo. Kozi imepangwa kwa ngazi tatu, ya msingi, ya kati na ya juu, na stadi zile zile zinarudi katika kila ngazi zikiwa ngumu zaidi. Kila stadi ina maelezo mafupi, mfano uliotatuliwa hatua kwa hatua, halafu mazoezi. Inafunguka kwenye simu, tena simu ya kawaida, na hili kwa vijana wangu ni jambo kubwa kuliko jingine lolote nitakalolisema kuhusu kozi hiyo. Kijana anasoma mfano mmoja akiwa kwenye daladala ya Raskazone, anafanya maswali manne, anafunga.

Ninachoipendea hasa ni ile ngazi ya msingi. Haimdhalilishi mwanafunzi. Kifungu ni chepesi kweli, sentensi zinameng'enyeka, lakini kazi anayopewa ni ile ile ya mtihani: tafuta wazo kuu, tafuta ushahidi, kamilisha hoja. Mtoto ambaye Kiingereza chake bado kinasuasua anaweza kujifunza namna ya kufikiri kabla msamiati haujamlemea. Vifaa vingi vya kulipia nilivyowahi kuletewa na wazazi nivitazame huanza na orodha ya maneno elfu moja ya kukariri, na mtoto anachoka kabla hajasoma hata aya moja.

Upungufu wake ni kwamba ukiwa ndani ya zoezi la stadi fulani tayari unajua swali litauliza nini. Siku ya mtihani hakuna anayekuambia. Pia mazoezi yake yanaisha mapema kwa mtu mwenye bidii, akabaki kuzunguka maswali ambayo majibu yake keshayakumbuka. Kwa hiyo mimi huichukua Khan kama mahali pa kufundishwa. Mahali pa kujipima ni kwingine.

Hapa lazima nisimame kidogo nieleze kwa nini watoto wetu, hata wale waliopata A ya Kiingereza kidato cha nne, wanaanguka katika ufahamu wa SAT mwanzoni. Sisi tumewafundisha ufahamu wa aina moja. Unapewa habari, unapewa maswali, unarudi kwenye habari, unatafuta sentensi yenye maneno yanayofanana na ya swali, unainakili ukibadilisha nafsi. Mtoto hodari anajua kufanya hivyo hata pale ambapo hakuelewa habari inahusu nini. Watunzi wa SAT wanaujua mtindo huo, na karibu kila swali lina jibu moja lililowekwa makusudi kumnasa mtu wa namna hiyo: limebeba maneno yale yale ya kifungu, limeyapanga vizuri, na halisemi kile kifungu kinachosema. Kijana wetu anaona maneno anayoyatambua, anafurahi, anabofya.

Ndiyo maana naona benki ya maswali ndiyo johari ya vyote vitatu, ingawa ndiyo inayojulikana kidogo kuliko nyingine. College Board imeifungua kwa walimu, na inafunguka kwenye kivinjari cha kawaida. Unachagua mtihani, unachagua sehemu, kisha unachuja kwa stadi na kwa ugumu: rahisi, wastani, mgumu. Maswali unayoyataka unaweza kuyapakua kama PDF, ukitaka yakiwa na majibu na maelezo, ukitaka yakiwa matupu. Kuna na sehemu ya kuondoa maswali ambayo yanatumika kwenye mitihani ya majaribio ya Bluebook, na nakusihi uitumie, la sivyo mtoto atakutana na maswali aliyokwisha kuyaona pale unapotaka kumpima kwa haki.

PDF hizo nazipeleka steshenari ya Ngamiani, zinachapwa, kila kijana anapata karatasi yake na penseli. Umeme ukikatika tunaendelea. Bando likiisha tunaendelea. Tunakaa barazani na karatasi, na saa nzima inaweza kwisha kwenye maswali sita.

Nionyeshe saa hiyo inavyokwenda. Kwa somo la kwanza la ushahidi situmii hata swali la kwenye benki. Natumia nililotunga mwenyewe kwa mfano wa pale, kwa sababu nataka habari yenyewe wawe wanaijua. Kifungu kinasema hivi: mtafiti ameona kwamba samaki wadogo wanaokulia kwenye mikoko huishi kwa wingi zaidi kuliko wale wanaokulia maji ya wazi. Anadhani sababu ni mizizi ya mikoko, ambayo inawaficha wasionwe na samaki wakubwa. Swali linauliza: ni matokeo gani, kama ni ya kweli, yangeunga mkono dhana ya mtafiti huyu kuliko mengine? Jibu la kwanza linasema kwenye mikoko kuna chakula kingi cha samaki wadogo. La pili linasema samaki wadogo ni wengi sana kwenye mikoko. La tatu linasema palipopunguzwa mizizi bila kugusa maji wala chakula, samaki wadogo walioliwa waliongezeka. La nne linasema samaki wakubwa wa aina nyingi hupatikana maji ya wazi.

Watoto wa Tanga wanaijua mikoko. Wengi wanachagua la pili, na wanalitetea kwa nguvu: Mwalimu, si kweli? Nenda kaone mwenyewe! Ni kweli. Lakini ndilo jambo ambalo mtafiti alianza nalo. Halisemi kwa nini. Wengine wanashika la kwanza kwa sababu linatoa sababu, na kweli linatoa, ila ni sababu nyingine kabisa. Ukilifuata jibu hilo, chakula ndicho kinachowaokoa samaki, na mizizi ya mtafiti inabaki haina kazi. Jibu hilo linambomoa badala ya kumuunga mkono. La nne linazungumzia maji ya wazi na aina za samaki wakubwa, wala halisemi lolote kuhusu kujificha. La tatu peke yake linaigusa mizizi, linaacha mengine yote kama yalivyokuwa, halafu linaonyesha kilichotokea. Binti mmoja alilisoma, akakaa kimya, kisha akasema, "Kumbe swali halitaki nijue samaki, linataka nijue huyu mtu amesema nini." Nikamwambia aandike sentensi hiyo kwenye jalada la daftari lake.

Tangu hapo kila swali tunalolifanya kutoka kwenye benki tunalifanya hivyo hivyo, na ubora wa benki uko kwenye maelezo yake. Hayaishii kusema jibu ni C. Yanaeleza C imesimamia neno gani la kifungu, kisha yanachukua A, B na D moja moja na kusema kila moja lina kasoro gani. Vijana wangu wanayaandika upya kwa Kiswahili, kwa maneno yao, kwenye daftari la makosa. Ukilisoma daftari hilo unaona kasoro ni zile zile zinazozunguka. Kuna jibu linalozidisha, kifungu kimesema "baadhi" lenyewe linasema "wote". Kuna linalogeuza, aliyefanya linamfanya kuwa aliyefanyiwa. Kuna linaloleta jambo ambalo huenda ni kweli duniani lakini kifungu hakikulitaja. Na lile gumu kuliko yote ni la kweli, limo kwenye kifungu, ila si jibu la swali lililoulizwa. Maswali ya jedwali na chati yanapenda sana hilo la mwisho: tarakimu zote ziko sawa, unazihakiki kwenye jedwali unazikuta, lakini hoja uliyoambiwa uiunge mkono inahusu mwaka mwingine au kundi jingine.

Kijana akishaweza kutaja kasoro ya kila jibu baya bila kutazama maelezo, alama zinapanda zenyewe. Nimeliona hilo kwa wenye Kiingereza kizuri na kwa wenye Kiingereza cha kuungaunga. Anayefanya maswali hamsini kwa siku na kuhesabu tu amepata mangapi hafiki huko. Naandika hivi kwa uchungu kidogo, kwa sababu nimeona vijana wenye akili wakichoka na kuacha wakidhani hawana kipaji, kumbe walikuwa wanafanya mazoezi mengi na kujifunza machache.

Maelezo ya benki yana tatizo lake nalo: yameandikwa kwa Kiingereza kizito, cha kisheria karibu. Mwanafunzi wa kiwango cha chini atayasoma mara mbili bila kuambulia kitu. Hapo panahitajika mwalimu, au rafiki aliyemtangulia. Usimwachie mtoto wa aina hiyo PDF peke yake ukadhani umemsaidia.

Vifungu vya fasihi vinastahili neno lake. Mtihani unachanganya sayansi, historia na jamii, sanaa, na fasihi, na katika fasihi kuna mashairi na nathari ya karne ya 19 yenye sentensi ndefu zinazopinda. Nilitarajia watoto wetu wateseke hapo. Wanateseka na nathari, ni kweli, ila kwenye mashairi wananishangaza. Aliyesoma ushairi wa Kiswahili shuleni ameshazoea kuulizwa mshairi analalamika, anasifu au anaonya. Ameshazoea mpangilio wa maneno uliopinduliwa kwa ajili ya vina. Haogopi mstari asiouelewa mara ya kwanza. Huwa nawaambia wasome shairi la Kiingereza kwa sauti, kama wangesoma tenzi, halafu waseme muradi wake kwa sentensi moja ya Kiswahili kabla hawajatazama majibu. Inafanya kazi.

Bluebook nitaipitia haraka kidogo kwa sababu kazi yake ni moja, kuzoeza. Ina mitihani kamili ya majaribio, yenye saa inayohesabu kurudi nyuma, yenye mafungu mawili, na fungu la pili linabadilika kufuatana na ulivyofanya la kwanza, sawasawa na mtihani wenyewe. Unaweza kupaka rangi maneno ya kifungu, kuandika kidokezo, kukata jibu ulilolikataa, na kuweka alama kwenye swali unalotaka kulirudia. Chombo cha kukata majibu nakipenda kuliko vyote. Kinamlazimisha kijana afanye kwenye skrini kile tulichokifanya kwa penseli barazani. Saa inaweza kufichwa, na kwa wale ambao mikono huwatetemeka wakiona sekunde zinakwenda, ficheni. Zikibaki dakika tano programu yenyewe inakujulisha.

Kuna jambo moja kuhusu mpangilio wa maswali ambalo natamani kila mtahiniwa wetu alijue. Katika kila fungu maswali yamepangwa kwa aina. Yanaanza ya maana ya neno ndani ya kifungu, yanafuata ya muundo na lengo la kifungu, kisha wazo kuu, ushahidi, na hitimisho. Halafu ndiyo yanakuja ya sarufi na alama za uandishi, na mwisho kabisa yale ya viunganishi na ya kutumia vidokezo vya mwanafunzi kuandika sentensi. Maana yake ufahamu mzito umekaa nusu ya kwanza. Vijana wetu wengi ni wazuri kwenye sarufi, tumewafundisha sarufi mpaka basi, lakini wanazifikia wakiwa wamebakiwa na dakika sita kwa sababu wameng'ang'ana na kifungu cha shairi. Ndani ya fungu moja unaruhusiwa kwenda mbele na kurudi utakavyo. Kwa hiyo aliye mwepesi kwenye sarufi na aanzie huko nyuma, avune alama zake, kisha arudi kwenye vifungu na muda uliobaki. Ajaribu kwanza kwenye Bluebook nyumbani aone kama kunamfaa.

Kikwazo cha Bluebook kwa mazingira yetu ni kifaa. Haifanyi kazi kwenye simu. Inataka kompyuta ya Windows au ya Mac, au iPad. Vishikwambi vya bei nafuu vinavyouzwa madukani kwetu havimo. Kundi letu lina kompyuta mpakato moja nzuri na moja ya kubembeleza, na tunapangiana zamu. Intaneti haitishi sana: unaihitaji kuanza mtihani na kutuma majibu mwishoni, na mtandao ukiyumba katikati mtihani hausimami. Kwa hiyo kama nyumbani kuna mtandao wa kusuasua, usikate tamaa. Kama hakuna kompyuta, hilo ndilo la kutafutia ufumbuzi mapema, iwe kwa ndugu, shuleni au ofisini kwa mtu. Siku ya mtihani mtahiniwa huenda na kifaa chake mwenyewe kikiwa na programu hiyo, na vituo vingi huwa kwenye shule za kimataifa, hivyo mtu wa mikoani apange na nauli na mahali pa kulala. Ada yenyewe ya kujisajili kwa mtu wa huku inazidi dola 100. Ndiyo maana nalia na wazazi wasimalizie fedha kwenye maandalizi.

Niliwahi kuletewa na mzazi mmoja kabrasha la kituo cha tuisheni alikokuwa akimlipia binti yake kila mwezi. Nilifungua nikakuta maswali ya College Board, yale yale ya kupakuliwa bure, yamepigwa fotokopi, nembo imefutwa, na maelezo ya majibu yameondolewa. Yaani kile chenye thamani kuliko vyote kimenyofolewa, na kilichobaki kimeuzwa. Kituo sikitaji. Nasema tu kwamba mzazi yeyote ana haki ya kuuliza maswali haya yametoka wapi na maelezo yake yako wapi, na asiogope kuonekana hajui Kiingereza kwa kuuliza.

Sasa kasoro ambayo ni ya vifaa vyote vitatu, na hii inanikereketa kama mwalimu. Vifungu ni vifupi mno. Chuo chenyewe, cha Marekani au cha hapa, kitamtaka kijana asome sura nzima kwa usiku mmoja na kesho yake aichangie darasani. Maneno 150 hayamwandai mtu kwa hilo. Nimeona kijana anayepata maswali karibu yote ya ufahamu kwenye Bluebook akishindwa kumaliza makala ya kurasa nne bila kushika simu. Mtihani umepunguza urefu, na vifaa vimeufuata mtihani. Siwalaumu Khan wala Bluebook kwa kufanya kazi waliyotumwa. Ila anayejiandaa kwa kutumia hivyo peke yake atafika chuoni akiwa na pumzi fupi. Kwa hiyo kundi langu linasoma pia vitu virefu: tahariri na makala za magazeti ya Kiingereza yanayotoka Dar es Salaam na Nairobi, hadithi fupi, na vitabu vya maktaba ya mkoa. Kila wiki mmoja anasimama kueleza alichosoma, wengine wanamuuliza mwandishi alisema hivyo wapi. Hilo halina programu, na halina alama. Wanaotaka kuliacha nawaomba wasiliache.

Vifungu pia vimejaa Marekani: wasanii wao, majimbo yao, ndege na mimea yao. Mtoto anapoteza sekunde kumi akijiuliza jina lile ni la mtu au la mji. Dawa yake ni kukutana nayo mara nyingi hadi aelewe kwamba jina halina uzito, lichukulie kama herufi X kwenye hesabu na uendelee. Ndani ya kifungu kila unachohitaji kimeshaandikwa.

Je, inafaa kuhangaika na SAT wakati vyuo vingi viliacha kuidai tangu 2020? Kwa mwombaji wa huku nasema inafaa, hasa anayehitaji ufadhili kamili. MIT ilirudisha sharti la mtihani mwaka 2022, na mwaka 2024 Dartmouth, Yale, Brown na Harvard zilitangaza kurudi huko, kila kimoja kwa utaratibu wake. Kijana kutoka shule ambayo maofisa wa chuo hawajawahi kuisikia ana njia chache za kuonyesha uwezo wake kwa kipimo wanachokijua, na hii ni mojawapo. Atazame tovuti ya kila chuo anachokiomba, na aangalie pia kama watamtaka mtihani wa pili wa lugha, TOEFL au mwingine, maana SAT haichukui nafasi yake kila mahali.

Nikiulizwa alama: benki ya maswali naipa tano kati ya tano, Khan Academy nne, Bluebook nne na ingekuwa tano kama ingefunguka kwenye vifaa ambavyo watoto wetu wanavyo. Kwa mtoto ambaye Kiingereza chake bado hakijasimama, bora aanze Khan ngazi ya msingi na akae hapo bila haraka, hata miezi. Aliyekwisha kusimama aingie kwenye benki moja kwa moja, achague stadi ya ushahidi na ya hitimisho kwa ugumu wa wastani, achape maswali kumi, atafute mwenzake wa kubishana naye. Mitihani kamili ya Bluebook asiimalize yote mwezi wa kwanza kwa hamu. Haiko mingi, na ule wa mwisho autunze kwa wiki mbili kabla ya mtihani, aufanye Jumamosi asubuhi, saa ile ile atakayokaa nayo kituoni, simu ikiwa chumba kingine.